Mapango ya Pwani: Mizimu, minyororo na maji matamu

MTOTO anayelelewa Kipevu huona mengi kabla hajamaliza shule ya msingi. Huona meli za mafuta zikisogezwa gatini, winchi zikinyanyua makontena kana kwamba ni viberiti, na usiku huona taa za bandari zikimeremeta juu ya maji yanayomtenga na Mtongwe. Lakini kitu kimoja hatakiona hata akiufuata ufuo kutoka Makupa hadi Port Reitz: pango la baharini.

Ajabu ni kwamba akivuka tu upande wa pili, hadithi za mapango humpokea. Likoni wazee hukataza watoto kucheza chini ya majabali maji yanapojaa. Kisiwani, chini ya barabara ya Mama Ngina, mawimbi yameula mwamba hadi ukabaki umening'inia kama paa la kibanda. Ukienda kusini zaidi utakuta kijiji kizima kilichopewa jina kwa ajili ya shimo. Kwa nini basi Kipevu ikanyimwa?

Jibu liko chini ya nyayo. Kisiwa cha Mombasa, Likoni, Nyali na Diani vimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Matumbawe ni makazi yaliyojengwa na viumbe hai wadogo wa baharini, kizazi juu ya kizazi. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, na majabali tunayoyakanyaga sasa yalikuwa miamba hai chini ya maji, yenye samaki wakizunguka. Kisha dunia ikaingia baridi kali, barafu ikaongezeka huko kaskazini na kusini, bahari ikashuka kwa zaidi ya mita 100, na matumbawe yakaachwa juu, makavu.

Hapo mvua ikaanza kazi yake. Maji ya mvua yanapopita hewani na katika majani yanayooza hupata ukali kidogo, kama ule wa ndimu iliyozimuliwa sana. Jiwe la matumbawe haliwezi kuuhimili ukali huo milele. Huyeyuka polepole, ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa chumba. Bahari iliporudi, mawimbi yakabisha hodi kutoka upande wa pili. Hivyo ndivyo mengi ya mapango ya pwani yetu yalivyochongwa, mvua ikitokea juu na bahari ikitokea ubavuni.

Kipevu na Changamwe ni habari nyingine kabisa. Huko mwamba ni matope ya bahari ya kale yaliyoshikana na kuwa jiwe, yenye umri wa miaka kama milioni 150, na ndani yake wataalamu wamepata visukuku vya viumbe wenye makombe yaliyojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Jiwe hilo haliyeyuki. Hupasuka na kumomonyoka tu, na mvua ikinyesha linakuwa utelezi. Ng'ambo ya maji, jina la Dongo Kundu latangaza lenyewe kwamba huko nako ni udongo mwekundu.

Kwa hiyo familia ya Kipevu ikitaka pango ni sharti isafiri. Na safari hiyo siku hizi si ngumu kama zamani.

KUELEKEA SHIMONI

Kwa miaka mingi, mtu wa Changamwe aliyetaka kwenda pwani ya kusini alilazimika kuingia kisiwani, kujipanga foleni ya feri pale Likoni, na kumwomba Mungu feri isiharibikie katikati. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa yote mwaka 2024, gari hutoka Miritini, likapita Mwache, likavuka daraja la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kutokezea Kibundani katika barabara kuu ya Lunga Lunga bila tairi kugusa feri. Watoto hulipenda daraja hilo kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari. Dereva hana budi kuwakumbusha kwamba pango bado.

Kutoka Kibundani ni Ukunda, kisha Msambweni, kisha Ramisi ambako kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988 na kuacha wengi bila kazi. Mbele kidogo njia ya Shimoni inakata kushoto kuelekea baharini. Kwa jumla ni kama kilomita 80 kusini mwa Mombasa. Mwisho wa njia ni kijiji cha wavuvi kinachotazamana na kisiwa cha Wasini, na katikati yao mkondo wa maji ya kijani ambamo majahazi yamejificha dhidi ya upepo kwa karne nyingi.

Jina la kijiji halihitaji mkalimani: Shimoni, yaani kwenye shimo. Pango lipo hatua chache tu kutoka ufukweni. Juu yake ni kichaka na miti mikubwa ambayo mizizi yake imepenya mwamba na kuning'inia ndani kama kamba. Unashuka ngazi, joto la nje linakatika ghafla, na harufu inayokupokea ni ya chumvi, unyevu na popo. Subiri macho yazoee. Utaona dari yenye mawe marefu yaliyoganda yakidondoka, tone juu ya tone, na mahali fulani utaona tundu ambalo jua linaingia kama mwanga wa projekta. Chumba kinafungua chumba kingine. Maji ya bahari yanapojaa huingia sehemu ya pango, na yanapokupwa huacha matope yanayonata viatuni.

Kisha mwongozaji atamulika tochi ukutani na kukuonyesha kipande cha chuma kilicholiwa na kutu. Hapa, atasema, ndipo watu walipofungwa.

HADITHI TATU, PANGO MOJA

Hadithi ya utumwa ndiyo inayoelezwa kwanza, na ndiyo inayowaleta wageni kwa mabasi. Inasemekana kwamba watu waliotekwa bara waliletwa hapa kwa miguu, wakashushwa pangoni wakiwa katika minyororo, wakangoja humo hadi majahazi yalipokuwa tayari kuwapeleka Unguja na Pemba, na wengine mbali zaidi, Uarabuni. Waliougua hawakupata mganga. Waliokufa hawakupata kaburi. Mwanamuziki Roger Whittaker, mzaliwa wa Nairobi, aliutungia Shimoni wimbo, na kwa njia hiyo watu wa Ulaya ambao hawajui hata Kenya iko wapi wakalisikia jina la kijiji hiki.

Lakini kaa na wazee wa Shimoni muda mrefu kuliko mtalii, nawe utasikia hadithi mbili nyingine ambazo ni kongwe zaidi.

Ya kwanza ni ya kukimbilia. Katika karne ya 19 Wamaasai walishuka mara kwa mara hadi karibu na pwani kutafuta ng'ombe, na vijiji vya kusini viliumia. Wazee husimulia kwamba baragumu lilipopigwa, wanawake na watoto waliingizwa pangoni, mlango ukafunikwa kwa matawi, na mama akamziba mdomo mtoto wake kwa kiganja. Kwao pango hili ni mama aliyewaficha, si jela.

Ya pili ni ya mzimu. Kwa Washirazi na Wadigo wa sehemu hizi, pango halikuwa mahali pa kuingia ovyo. Lilikuwa na mwenyewe asiyeonekana. Mvua ikigoma, maradhi yakizidi au bahari ikinyima samaki, wazee waliingia na ubani, maji ya mawaridi na chakula, wakaomba. Viatu viliachwa nje. Sauti ilishushwa. Aliyekuja na uchafu, au na neno la kejeli, alijua hatatoka na heri.

Je, jela, kimbilio na mahali patakatifu vyaweza kuwa mahali pamoja? Wapo wasomi wanaoona hadithi ya utumwa imepewa nafasi kubwa kupita kiasi kwa sababu ndiyo inayouza tiketi, na wapo wanakijiji wanaoona uchungu kwamba mahali pa maombi pamegeuzwa mahali pa kupiga picha. Wapo pia, na hawa huzungumza kwa sauti ya chini zaidi, ambao mababu zao ndio waliokuwa watumwa, na ambao kwao hadithi hiyo si ya kuuza bali ni ya nyumbani.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba tarehe zaweza kutusaidia kidogo.

Kabla ya mwaka 1873, mfanyabiashara wa watumwa hakuwa na sababu ya kujificha. Soko la Unguja lilifanya kazi mchana, bei ikitangazwa hadharani. Juni mwaka huo Sultani Barghash, akiwa ametishiwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo na kukataza watu kusafirishwa kwa bahari kwenda kuuzwa. Lakini mwaka mmoja kabla, Aprili 1872, tufani kali iliivamia Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba, ambayo iliponea, ikawa ndiyo tegemeo la karafuu, na mashamba yakataka mikono. Sheria ilisema hapana, karafuu zikasema ndiyo.

Matokeo yake yalikuwa mabaya zaidi kuliko awali. Misafara iliyozuiwa baharini ikageuka kufuata nchi kavu. Watu walitembezwa kutoka Kilwa kuelekea kaskazini wakifuata pwani, mamia ya kilomita, kisha wakavushwa usiku kwenda Pemba kutoka vijia na vihori ambavyo manowari haikuweza kuvichungulia. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku hata misafara hiyo ya nchi kavu, lakini magendo hayakukoma mara moja.

Sasa tazama ramani. Shimoni inatazamana na Pemba, safari ya usiku mmoja kwa jahazi lenye upepo mwema. Mbele yake kuna Wasini inayokinga macho ya mtu aliye bahari kuu. Chini yake kuna shimo ambamo watu wengi waweza kukaa mchana kutwa bila kuonekana. Kama pango hili lilitumika kuficha watu, miaka iliyofuata 1873 ndiyo iliyolihitaji zaidi. Na hapo hadithi tatu haziumani tena. Mahali palipowaficha wanakijiji wasitekwe ndipo mtekaji naye alipoona pa kufichia. Mzimu, pengine, ulishuhudia yote mawili.

WALIOFIKA KISAUNI

Upande wa pili wa habari hii uko Mombasa kwetu, na watu huupita kila siku wakiwa kwenye matatu bila kugeuza shingo. Pale Kengeleni, Kisauni, pamesimama mnara mdogo wa kengele. Mtaa huo ulianzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa Kanisa la Kianglikana wa shirika la CMS kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazini, ukaitwa Frere Town kwa jina la Bartle Frere, yule mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Unguja mapema mwaka 1873 kumshinikiza Sultani. Manowari iliyoitwa HMS London ilituama Unguja kuanzia 1874 ikizituma mashua zake kunasa majahazi, na baadhi ya waliopatikana humo waliletwa Kisauni. Wengi walikuwa watoto. Walikuwa wametoka Malawi ya leo, Msumbiji, kusini mwa Tanzania, na hawakuwa na njia ya kurudi.

Rabai nako walikimbilia watoro wengi kutoka mashambani. Januari mosi 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aligawa hati za uhuru kwa zaidi ya 1,400 kati yao, baada ya kuwalipa fidia waliodai kuwa mabwana zao. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Hesabu vizuri: mtu mwenye umri wa miaka 60 leo yawezekana nyanya yake alizaliwa katika miaka hiyo.

Hii ndiyo sababu mwandishi hakubaliani na wale wanaosema watoto wasipelekwe Shimoni kwa kuwa habari zake zinatisha. Zinatisha, naam. Lakini watoto hao hao wanaishi na wajukuu wa pande zote mbili, darasa moja, dawati moja, na ni heri wasikie habari hizi wakiwa wameshikwa mkono kuliko kuzisikia kama tusi uwanjani.

NG'AMBO NAKO YAPO

Shimoni haiko peke yake. Unguja, mwendo wa kilomita kama 20 hivi kaskazini mwa mji, kuna Mangapwani, na huko hadithi ya maji na hadithi ya minyororo zimegawanywa, kila moja na shimo lake.

Shimo la kwanza ni pango la asili. Wanasimulia kwamba kijana mtumwa wa bwana mmoja Mwarabu alikuwa akichunga mbuzi, mbuzi wakampotea. Alipokuwa akihangaika vichakani alisikia mlio ukitoka chini ya ardhi. Akaufuata, akakuta mdomo wa pango, na ndani yake si mbuzi tu bali maji matamu, baridi, tele. Tangu siku hiyo kijiji kikanywa humo. Kuna kitu katika kisa hicho ambacho hakielezwi waziwazi. Aliyewapa watu maji ni mtumwa, na kila anayesimulia anakumbuka jina la bwana, lakini la kijana limesahaulika.

Shimo la pili, umbali wa kama kilomita mbili, halikuchongwa na mvua. Lilichongwa na watu. Ni vyumba viwili vilivyokatwa ndani ya mwamba, vikaezekwa kwa jiwe na kufichwa, na njia ya kuelekea ufukweni. Lilijengwa baada ya marufuku ya 1873, kwa kazi moja tu ya kuficha watu hadi jahazi la magendo lifike. Anayedhani habari ya kufungia watu chini ya ardhi ni uzushi wa waongozaji wa Shimoni, na aende Mangapwani asimame humo ndani dakika tano. Si ushahidi juu ya Shimoni, lakini ni ushahidi kwamba jambo lenyewe lilitendeka katika bahari hii.

Halafu kuna Amboni, kilomita nane hivi kutoka Tanga, karibu na njia ya kuja Mombasa. Mapango yale yako mbali kidogo na bahari, na mwamba wake ni mkongwe zaidi. Huko utakuta mzimu unaoitwa Mabavu, na watu wa makabila na dini mbalimbali huacha vitambaa, ubani, chupa na sarafu wakiomba mtoto, kazi au afya. Utasikia habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni, ambao kwa polisi walikuwa majambazi na kwa wasimulizi walikuwa watu walionyang'anya matajiri na kuwapa maskini.

Na utasikia kile kisa cha njia ya chini kwa chini. Wazungu wawili, mume na mke, waliingia na mbwa wao. Hawakuonekana tena. Mbwa alionekana baadaye, amekonda, karibu na Kilimanjaro. Wengine husema njia nyingine hufika Mombasa. Naam, Mombasa yetu hii! Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walilipima suala hilo kwa kamba na vyombo. Katika mapango kumi waliyoyachunguza, refu kuliko yote halikuzidi mita 900.

Utafiti huo haukuiua hadithi. Nenda leo, utaambiwa habari za mbwa. Shimoni pia wapo wanaosema pango linakwenda kilomita nyingi hadi bara. Sidhani wasimulizi ni waongo. Mtu wa pwani anajua jambo ambalo kipimo cha kamba hakilioni, nalo ni kwamba maji hakika husafiri chini ya matumbawe. Mvua inayonyesha bara hupenya, hutiririka gizani, na huibuka ufukweni, mahali pengine katikati ya maji ya chumvi. Chemchemi ikikauka huku, kisima cha kule hupungua. Aliyesema mapango yameungana alikosea kuhusu mbwa, si kuhusu maji.

Na hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi, mzimu unapoonekana ana akili kuliko tunavyomfikiria. Katika ardhi ya matumbawe hakuna mito mingi. Pango lenye maji matamu ni uhai wa kijiji, nalo laweza kuchafuliwa na mpumbavu mmoja kwa asubuhi moja. Ukiweka askari, atalala. Ukiweka mzimu asiyelala, anayechukia viatu, kelele, uchafu na miti kukatwa juu ya paa lake, maji yatakaa safi miaka mia. Msitu wa Kaya Kinondo pale Diani umehifadhika kwa njia hiyo hiyo huku viwanja vya jirani vikigeuka hoteli. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wameishaiorodhesha kwa namna yao zamani sana.

Heshima hiyo kwa mapango ni ya kale kuliko tunavyoweza kufikiri. Kaunti ya Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango liitwalo Panga ya Saidi, ambalo wenyeji hadi nyakati zetu wamelitumia kwa maombi. Wachimbaji wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani walianza kulichimba mwaka 2010. Walipofika chini sana walikuta mifupa laini mno, inayosagika kwa kuguswa, wakaifunika kwa plasta na kuibeba nzima. Mwezi Mei 2021 walitangaza walichokuwa nacho: mtoto wa miaka kati ya miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi kongwe kuliko yote ya watu kama sisi lililopata kuonekana Afrika. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, mwili pengine umeviringishwa majani au ngozi, na kichwa kimewekewa kitu kama mto. Wataalamu walimpa jina la Kiswahili, Mtoto.

UKITAKA KWENDA

Kwanza uliza maji. Mvuvi yeyote atakwambia kama ni bamvua au maji mafu. Wakati wa bamvua bahari ya Mombasa na Shimoni hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na jabali ulilolipita kwa miguu saa nne asubuhi laweza kukufungia njia saa nane. Kwa mapango yaliyo wazi kwa mawimbi, kama yale ya Likoni na Tiwi, ingia maji yakikupwa, si yakijaa, na usimwache mtoto nyuma akiokota makombe.

Vaa viatu vyenye soli imara, maana matumbawe hukata kama wembe. Beba tochi yako mwenyewe. Ya mwongozaji ni moja na nyinyi ni wanane. Popo waacheni. Usiwamulike usoni, usiwashike, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Shimoni pango linaangaliwa na kamati ya wanakijiji, na kiingilio kinasaidia mambo ya kijiji kama karo za wanafunzi na zahanati. Kwa hiyo lipa mlangoni, omba risiti, na usikubali njia ya mkato ya kijana anayekuahidi kukupitisha nyuma kwa nusu bei. Si mbali na pango zipo nyumba kuukuu za enzi za wakoloni, na makumbusho madogo ya utumwa ambayo hufaa kutembelewa kabla ya kushuka pangoni, si baada, kwa sababu mtoto aliyeona ramani kwanza huuliza maswali bora.

Kuhusu mizimu, kila mtu na dini yake. Hakuna anayekulazimisha kuomba. Lakini ukikuta kitambaa kimefungwa, chetezo au sahani ya matoleo, usiguse, usipige picha, usicheke. Kaya Kinondo wageni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia na huambiwa wasichume hata jani, nao hutii, Wazungu kwa Waafrika. Basi na pangoni iwe vivyo hivyo. Mzee akikuambia vua viatu, vua. Akimwambia mwanao, "Mjukuu wangu, hapa hatupigi mbinja," usianze kumweleza kwamba hayo ni mambo ya zamani.

Mwulize hizo hadithi zote tatu, usiridhike na ya minyororo peke yake. Ukianza na salamu zilizotimia, na ukakaa chini, atazisimulia. Tenga saa mbili kwa ajili ya pango na saa moja kwa ajili ya mzee. Wasini ni ng'ambo tu kwa mashua, na huko kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe iliyoachwa na bahari, ambapo mtoto wa Kipevu ataweza kutembea katikati ya miamba na kuona kwa macho yake jiwe hilo lilivyoliwa na maji, tundu kwa tundu. Boti ya mwisho kurudi hutegemea upepo na abiria, kwa hiyo patana na nahodha kabla hujapanda.